Kikombe Nilichokiweka Chini Aija

Mzungu akijitwika mfuko mgongoni akaenda kukaa kisiwani bila ya kazi, watu humwita mtalii na humpisha njia. Mimi nilipojitwika mfuko ule ule, ami yangu aliniuliza kama nimerogwa.

Nasema "ule ule" kwa makusudi. Mfuko niliupata Mombasa, nimemaliza kidato cha nne na sina mbele wala nyuma. Kijana mmoja wa Kizungu, nywele zimemwangukia mabegani, alitaka vikoi; mimi nikautaka mfuko wake wa turubai wenye mikanda miwili. Tulibadilishana barazani. Wakati akitoa vitu vyake ndani alinisimulia kwamba kabla ya kuja kwetu alikuwa kwenye kisiwa kidogo cha Karibi, huko upande wa pili wa dunia. Alilala kwenye wavu uliofungwa baina ya minazi miwili, akila samaki, akiogelea, akilala tena.

"Ulikuwa ukifanya nini huko?" nilimwuliza.

"Nilikuwa nakaa tu."

"Kwa nani?"

Hakulifahamu swali. Nililigeuza hivi na hivi, na bado hakulifahamu. Hakuwa na mtu pale. Hapakuwa na jamaa, wala harusi, wala matanga yaliyompeleka, na hakuna aliyemwuliza yeye ni mtoto wa nani. Nilimwonea wivu ambao sijapata kumwonea tajiri yeyote.

Maana mimi nilikuwa nimeshahamahama tangu utotoni, na sikuwa nimekwenda mahali hata pamoja kwa kutaka mwenyewe. Unguja nilitoka nimeshikwa mkono, watu wanakimbia. Mombasa niliondoka kwa sababu jamaa waliamua. Dubai nilipelekwa, Oman nililetwa. Watu wetu hupenda kujisifu kwamba sisi ni watu wa safari. Mimi nasema sisi ni watu wa kusafirishwa, na atakayekasirika akasirike.

Basi katikati ya miaka ya sabini nilikuwa Ibra, bara ya Oman, nyumbani kwa ami. Yeye alikuwa amepata cheo serikalini kwa ajili ya Kiingereza chake, kama wengi wa watu wetu waliorudi wakati ule, na mimi pia alikuwa amenitafutia meza katika ofisi hiyo hiyo. Makaratasi yalikuwa bado yanazunguka Maskati. Nilikuwa nikingoja. Asubuhi moja, tukinywa chai ya maziwa, nikamwambia nakwenda Sur, pwani.

"Una nani Sur?"

"Sina mtu."

"Kuna mgonjwa?"

"Hakuna mgonjwa, ami."

"Umepata biashara?"

"Sikupata."

"Sasa unakwenda kufanya nini?"

"Kukaa."

"Kukaa!" Alimgeukia mkewe kama anayetafuta shahidi. "Na hapa anafanya nini huyu, anaruka?"

Mkewe alicheka, ami hakucheka. Aliniambia maneno ambayo mpaka leo najua yalikuwa na haki yake. Sisi tumekuja juzi, alisema. Kiarabu chetu kinachekwa sokoni, tunaitwa Wazinjibari, na kila mmoja wetu akipita anatazamwa kama ana kazi na ana watu wake. Mtoto wa ndugu yake aonekane analala kwa watu, kama asiye na kwao? Na kazi ikija nami sipo, atapewa mwingine.

"Apewe," nilisema.

Kesho yake nilikuwa juu ya magunia ya tende, kwenye lori la Bedford, na mfuko wangu mgongoni. Barabara ya siku zile ilikuwa ya changarawe, na meno yaligongana tangu Ibra. Pale Al Qabil alipanda bwana mmoja na mbuzi wake wawili, akakaa kwenye gunia langu, na kabla lori halijaondoka akaanza.

"Wewe wa nani?"

Nikamwambia ukoo.

"Unakwenda kwa nani?"

"Kwa yeyote."

"Umekosana na watu wako."

"Sikukosana."

Akawavuta mbuzi wake karibu. "Umeua?"

"Sijaua mtu, baba."

"Basi," alisema, na uso wake ulikuwa kama wa daktari asiyeuona ugonjwa. Aliposhuka Jalan Bani Bu Ali nilimsikia akimwambia dereva anichunge.

Siku hizo hapakuwa na daraja la kuvukia kwenda Aija, kijiji cha ng'ambo ya Sur nilichokikusudia. Ulishuka Sur, ukateremka mpaka khori, yaani mkono wa bahari, ukavushwa kwa kidau na mtu mwenye kasia moja. Aija si kisiwa, lakini mbele ina bahari na nyuma ina khori, na kwangu mimi ilitosha. Nyumba zilikuwa nyeupe, nyingine zimebomoka upande, milango yake ya nakshi ile ile ya mjini kwetu, imekaushwa na chumvi mpaka imekuwa rangi ya jivu. Mbuzi walikuwa wanakula maboksi. Nilipoiona ile milango mahali nisipomjua mtu, moyo ulinipanda na nikaukaripia. Sikuja kulilia milango.

Mvushaji hakuridhika na jibu langu lolote. Mwishowe alisema, "Yuko mtu pale anakijua Kizinjibari chako. Mwambie yeye," akanipeleka mpaka mlangoni kama mzigo uliokosa anwani.

Mwenyeji wangu alikuwa mtu wa makamo, mwenye tumbo la heshima, muuza papa mkavu na kamba. Ujanani alikuwa baharia wa majahazi ya Unguja, na Kiswahili chake alikiokota bandarini, kwa wanyapara. Hakuna aliyepata kumwambia kwamba nusu ya maneno aliyoyajua yalikuwa matusi. Alifungua mikono akasema kwa furaha ya kweli:

"Karibu, baradhuli! Pita ndani, mshenzi wewe, kaa!"

Nilipita ndani nikakaa. Majirani wawili walikuwa wameshakaa. Tuliulizana khabari na ulumu, yaani habari za nchi na za njiani, ambazo kwa adabu ya huko mtu kwanza hujibu kwamba hana, kisha akazieleza mpaka jua litue. Mimi nilijibu sina, nikanyamaza, na wakaendelea kunitazama. Zikaja tende. Kisha mwenyeji akanimiminia kahawa kwa mkono wake, akanipa kikombe.

Hapo ndipo nilipokumbuka zawadi. Chini kabisa ya mfuko nilikuwa na kopo la halua ya Nizwa, na niliona aibu kunywa kahawa ya mtu nami sijampa chake. Nikakiweka kikombe chini kwenye mkeka, kimejaa, nikageuka, nikafungua mikanda, nikatoa nguo, nikatoa taulo, nikalitoa kopo, nikaliweka mbele yake kwa mikono miwili.

Nilipoinua uso, hakuna aliyekuwa akitafuna. Mwenyeji aliitazama kahawa, akaitazama halua, akanitazama mimi. Rangi ilikuwa imemtoka. Akasema kwa Kiarabu, polepole, bila tusi hata moja:

"Kunywa kahawa yako. Haja yako imepita."

"Imepita," walisema majirani, "nasi tumesikia."

Nilidhani ndiyo makaribisho ya watu wa Aija. Nikajibu Mungu awajaze kheri, nikanywa. Nyuma ya pazia mwanamke alicheka, akajiziba mdomo, na mlango ukafungwa.

Nilipewa chumba cha juu ya dari, chenye madirisha pande mbili, upepo unaingia huku na kutokea kule. Asubuhi mwenye nyumba wa kike alipanda na sinia: mkate wa kumimina na chai. Mkate wa kumimina, Aija! Nikasimama.

"Shikamoo, bi mkubwa."

Ilibidi aliweke sinia chini. "Hebu lirudie."

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Marahaba." Alijifuta macho kwa pembe ya mtandio. "Hapa wananambia sabahu l-kheri, kama wanamwambia mlango."

Alikuwa Mpemba, aliolewa msichana akaletwa kwa jahazi miaka mingi kabla sisi hatujakimbia. Aliniacha nitafune kipande cha kwanza, kisha akauliza, "Haya, weye, umekuja kuposa?"

"Kuposa nani?"

"Basi kikombe ulikiwekea nini chini?"

Nikamweleza habari ya kopo. Alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Kisha akanifundisha jambo ambalo miezi yote ya Ibra hakuna aliyenifundisha, maana kwa ami tulikunywa chai, na kwa watu nilimeza haraka kama nilivyoona wengine wakimeza. Kwetu kikombe ukikiweka chini, maana yake kikombe kiko chini. Huku, mgeni akiiweka kahawa yake bila ya kuinywa, ana haja kwa mwenye nyumba, na haja nzito. Mwenye nyumba akimwambia kunywa, haja yako imepita, basi imepita, yaani imekubaliwa, kabla haijatajwa, hata akiombwa kanzu aliyoivaa.

"Na weye ukatoa na halua juu yake!" alisema. "Nna binti mmoja, na kishaahidiwa mwana wa ami yake. Mume wangu jana hakula."

Niliinuka nikamwambie yule bwana kwamba sina haja yoyote. Alinishika kanzu.

"Kaa chini! Ukamwambia huna haja, utakuwa umemtolesha neno lake burebure mbele ya majirani. Atachekwa mpaka afe. Tafuta haja. Yoyote, lakini iwe ya kweli, maana yule akikuangalia machoni atajua."

"Niitoe wapi, bi mkubwa? Mimi nimekuja kukaa."

"Basi kaa, mpaka uipate."

Nikakaa. Sijui nieleze vipi utamu wake kwa watu ambao kukaa kwao ni kungojea kitu. Asubuhi niliogelea khorini maji yakijaa. Yakitoka niliangalia matope yanavyobaki na kaa wanavyotoka kila mmoja kwenye shimo lake. Mchana nililala. Bi mkubwa alinipikia papa kwa nazi, nazi zenyewe zililetwa kutoka Dhofar kavu kama mawe, akanisimulia Pemba ya utoto wake. Sikufanya kitu chochote cha faida, na nilikifanya kwa ukamilifu.

Mwenyeji wangu peke yake hakuwa na raha. Neno lake lilikuwa kwangu, nami sikuwa nimelichukua. Kila siku alinitembeza kwenye mali yake kwa matumaini.

"Mbuzi huyu mzuri, eh, baradhuli?"

"Mzuri sana."

"Basi?"

"Basi nini?"

Alipumua. Alinionyesha bunduki ya babu yake. Akanionyesha jambia lake la fedha, akalichomoa, akalirudisha, akanitazama. Nilisema ni zuri. Binti sikupata kumwona hata kisigino, alivyofichwa.

Kisha akaja ami.

Alivuka khori amevaa kanzu nyeupe ya ofisini na kilemba kilichofungwa sawasawa, upindo umerowa maji. Makaratasi yalikuwa yametoka Maskati, meza yangu ilikuwa tayari. Hakuniambia mimi. Alinitolea salamu kama mtu wa njiani, akaingia barazani, akaulizwa khabari na ulumu, akajibu hana. Majirani wale wawili walikuwepo. Nadhani walikuwa hawajaondoka tangu siku ya kwanza kwa kuogopa kukosa mwisho wake. Zikaja tende. Mwenyeji akamimina kahawa. Ami akaipokea kwa mkono wa kulia, akaiangalia, na akaiweka chini mbele yake, taratibu, katikati ya mkeka, mahali ambapo hata kipofu angekiona kikombe.

Mara hii nilifahamu. Ami alikuwa amejifunza kila desturi ya nchi ile, moja moja, kwa kuogopa kuchekwa.

Mwenyeji wangu alikuwa ameshaungua mara moja. Hakumwambia kunywa. Alisema, "Taja haja yako."

"Mtoto wa ndugu yangu. Arudi na mimi leo. Kazi inamngoja, na nyumba yangu ina nafasi. Si haki alale kwa watu."

Kumnyima mtu aliyeweka kikombe ni jambo zito, na kunitoa mimi ilhali nina ahadi mkononi ni zito vile vile. Mwenyeji alinigeukia akasema kwa Kiswahili chake cha bandarini, mbele ya ami aliyezaliwa Vuga, mtaa wa heshima mjini Unguja, na hakupata kusemezwa hivyo:

"Sikiliza, baradhuli. Huyu mshenzi ana haja. Lakini yako ya mwanzo, nishakupa, hujaitaja. Itaje sasa. Ikibaki nafasi nyuma yake, nitampa na yeye."

Nyuma ya pazia bi mkubwa alikohoa. Nilikuwa nimeitafuta haja siku zote zile kama mtu anayetafuta miwani iliyo usoni pake.

"Haja yangu," nilisema kwa Kiarabu changu kibovu, ili mashahidi wasikie, "ni kukaa hapa mpaka nichoke mwenyewe. Na asiniulize mtu nimekuja kufanya nini."

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu."

"Si binti?"

"Si binti, wallahi."

Tumbo lake lilianza kutikisika kabla ya sauti kutoka. Alicheka akapiga mkeka kwa kiganja. "Imepita!" alisema. "Imepita tangu siku ile!" Na majirani wakasema imepita. Kisha akakumbuka mgeni wake wa pili, akajizuia, akaweka mkono kifuani. "Unisamehe, bwana. Haja yake imetangulia yako. Niombe jingine. Niombe mbuzi, niombe bunduki."

Ami hakumtazama. Alisema nami, chini chini, kwa Kiunguja chetu. "Unanivunjia uso mbele ya watu."

"Unguja tuliondoka sikuulizwa, ami. Mombasa sikuulizwa. Dubai sikuulizwa, wala huku. Mara hii moja, nikiondoka, niondoke kwa kutaka."

"Na mimi?" alisema. "Mimi nani aliniuliza?"

Swali hilo linanifuata mpaka leo. Lakini sikuinuka. Kama yeye hakuulizwa, na baba yangu hakuulizwa, basi katika ukoo wetu lazima awepo wa kwanza.

Bi mkubwa alisema nyuma ya pazia, "Kunywa, baba. Imepoa, nikubadilishie nyingine." Ami alinyanyuka. Nilimfuata mpaka majini, nikamshikia viatu alipopanda kidau. Alivichukua.

"Kazi nitampa mwingine."

"Mpe, ami."

Kidau kilipofika katikati alikuwa bado amenipa mgongo, amekaa wima sana, kilemba kimenyooka, na nilijua ameumia. Nilirudi barazani. Kikombe chake kilikuwa pale pale kwenye mkeka, na hakuna aliyethubutu kukiondoa mpaka bi mkubwa alipokuja mwenyewe.

Wapo jamaa zetu wanaosema mpaka sasa kwamba nilimkosea. Waseme. Aliyepewa ile meza leo ana gari mbili na shinikizo la damu, na simtakii ila kheri. Ami na mimi tulikuja kusemezana tena, baada ya muda mrefu, lakini habari ya Aija haikutajwa, na kila nilipomtembelea, mkewe alileta chai, si kahawa.

Aija walilishika neno kwa namna iliyowatesa. Adabu yao yote huanza kwa kuuliza, na mimi nilikuwa nimeahidiwa nisiulizwe. Watu wakinikuta njiani walifungua mdomo, wakakumbuka, wakaufunga. Mvushaji alikuwa akiimba ili asiseme. Hatimaye walipata njia yao: kwa kuwa hawawezi kuniuliza ulumu zangu, wakanieleza zao. Hivyo nilizijua talaka, kesi za mashamba ya tende huko Jalan, nani kanunua friji na nani kaazima. Mwenyeji wangu alirudi kula, akanenepa zaidi. Akipita chini ya dirisha langu adhuhuri aliniita, "Baradhuli! Umelala?" kisha akashtuka, "La, la, sikukuuliza!"

Nilikaa msimu mzima wa joto, mpaka upepo ukageuka na asubuhi zikawa za baridi kidogo. Siku moja nikaamka nimechoka kukaa. Hakuna aliyenifukuza, hakuna aliyeniita. Nilitaka kuiona Nizwa, basi. Nilifunga mfuko taratibu, nikiona ladha ya kila kifundo. Bi mkubwa alinifungia papa mkavu katika gazeti, nikamwambia shikamoo, akaniambia niiseme tena, nikaisema tena.

Mwenyeji alinisindikiza mpaka khorini. Nilipanda kidau, mvushaji akasukuma, na maji yalipokuwa baina yetu yule bwana akaingia mpaka magotini, kanzu ameishika juu.

"Sasa umeshatoka kwangu!" alipiga kelele. "Haja imekwisha! Haki yangu nakuuliza! Ulikuja kufanya nini?"

"Kukaa!"

"Kukaa tu?"

"Kukaa tu!"

Alisimama pale majini akinitazama, akitafuta katika Kiswahili chake chote neno la kunipa. Kisha akainua mkono.

"Nenda salama," alisema, "baradhuli mkubwa."